Sahihi ya Dereva

Wakili aliyeshika mkataba wetu alikuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, katika mtaa wa Nakuru ambao sisi Waafrika tuliupita tukienda kazini lakini hatukuwa na sababu ya kusimama. Ngazi ya mbao ilipanda nje ya ukuta mpaka kwenye varanda nyembamba, na hapo palikuwa na benchi. Nilikaa kwenye benchi hilo mara nyingi mno, hadi fundi cherehani aliyeshona chini ya ngazi akaamini kwamba nina kesi ya mauaji. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya kunionea huruma, kama ndugu yangu bado yuko ndani. Nikamwambia sina ndugu ndani, nangoja karatasi ya sinema. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu siku hiyo hakuniuliza neno.

Sikumlaumu. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mtu wa aina yangu akisema ameandika sinema, watu walimsogelea wamnuse kama amekunywa.

Nilizaliwa kwenye landi za reli, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa safu kama mabehewa. Baba alitoka magharibi, upande wa Kakamega, akaja Nakuru kufanya kazi kwenye injini, na mikono yake haikutakata hata siku ya Krismasi. Mimi alinipeleka shule ya misheni ili nisishike grisi. Nilifundisha kwa muda, kisha nikapata kazi kwenye gari la sinema la serikali.

Lilikuwa lori dogo lenye jenereta, mashine ya kuonyeshea filamu, na kipaza sauti juu ya paa. Tulizunguka mashamba ya Wazungu kote: Njoro, Molo, Kuresoi, Solai, na kule juu Dundori ambako ukungu hushuka mapema. Jua likishazama tulitundika shuka kwenye ukuta wa ghala, wafanyakazi wa shamba wakakaa kwenye nyasi na blanketi zao, na mimi nikashika maikrofoni. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kueleza kwa Kiswahili jinsi ya kuosha chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua, jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Watu walicheka pale ambapo hapakuwa na kichekesho, na pale palipowekwa kichekesho walinyamaza.

Tulikuwa wawili tu kwenye gari. Mwenzangu ndiye aliyeliendesha na ndiye aliyeshughulikia mashine ya sinema. Nilimwita Dereva, naye aliniita Mwalimu, na sikumbuki tukiitana vinginevyo. Alikuwa Mkikuyu, mkubwa kwangu, amezaliwa kwenye shamba la Mzungu huko Dundori ambako wazazi wake walikuwa vibarua wenye kibanda na ng'ombe wao wachache. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi Burma. Hakuwa msemaji. Tungeweza kutoka Nakuru mpaka Molo asiseme ila, "Funga dirisha, vumbi."

Hadithi aliisema siku tulipokwama kwenye matope njia ya Kuresoi, tukingoja trekta ije ituvute. Alisema aliporudi kutoka vitani alinunua baiskeli, akaipanda mpaka shambani kwao akiwa amevaa koti lake la jeshi. Alipofika, kibanda hakikuwepo. Mahali pa kibanda pamepandwa pareto. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa mbali, na mwenye shamba alikuwa amemwambia mama kwamba pasipo mwanamume wa kufanya kazi, hapana kibanda. Mama akaondoka na mbuzi mmoja. Hakuna aliyejua alikokwenda.

Basi Dereva akaanza kuzunguka na baiskeli, shamba kwa shamba, akiuliza habari za mwanamke mzee mwenye mbuzi. Hapa walimwona mwezi uliopita, pale hawajamwona, kule walisema mbuzi ameshauzwa. Mwishowe alimkuta karibu na Kuresoi, ameinama akichimba viazi vya mtu mwingine. Akasimama mbele yake. Mama akainua macho, akaona koti na baiskeli, akaona vifungo vya shaba, asimwone mwanawe.

"Unajua aliniambia nini?" Dereva alisema, akitazama matope. "Aliniambia, 'Bwana, sisi hapa tumeshahesabiwa.'"

Trekta ikaja ikatuvuta, na hatukuizungumza tena siku hiyo. Lakini mimi sikuweza kuiacha.

Ilikuwa kawaida kwamba Dereva akibadilisha filamu kwenye mashine, shuka hubaki jeupe kwa muda na watu huanza kuinuka. Nilikuwa nikijaza nafasi hiyo kwa maneno yoyote. Nikamwomba ruhusa nisimulie habari za mtu na baiskeli. Alifikiri, akasema, "Usitaje shamba." Nikaanza. Kila filamu ilipobadilishwa nilisema kipande, na filamu ilipoanza nilikata. Tuliporudi kwenye shamba lile lile baada ya wiki kadhaa, watu hawakutaka habari za chuchu za ng'ombe. Walitaka kujua kama mama amepatikana.

Mzungu mmoja mtengeneza filamu alitoka Nairobi kuja kutazama jinsi watu wa mashamba wanavyotazama sinema. Alikuwa mrefu, mpole, na alikaa nyuma chini kwenye nyasi kama wengine. Aliona kwamba watu walitulia zaidi wakati shuka likiwa jeupe. Aliniuliza nilikuwa nikisema nini. Nikamweleza kwa Kiingereza, na kesho yake akanieleza tena tukiwa njiani, neno kwa neno, ili ahakikishe ameipata. Kisha akasema kampuni yake, yenye makao London, ilikuwa ikitafuta hadithi ya hapa hapa, ichezwe na watu wa hapa hapa. Alinifundisha namna ya kuandika kwa ajili ya sinema: uandike kile jicho linachokiona, na maneno machache. Nikaandika. Jioni baada ya kazi nilimsomea Dereva, naye akanisahihisha: baiskeli haiwezi kupanda mlima ule, ilibidi isukumwe, mama hakulia, mtu wa namna ile halii mbele ya mgeni. Tulipomaliza, juu ya ukurasa wa kwanza niliweka majina mawili, lake na langu. Yule Mzungu alisoma, akatushika mikono wote wawili, akasema mambo ya mkataba yapitie kwa mawakili, ndiyo njia safi.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile ngazi ya mbao.

Wakili alikuwa Mhindi kijana, mzaliwa wa Nakuru, amesomea sheria ng'ambo. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu kwa sababu alikulia dukani kwa baba yake, akiuza kibiriti na sukari. Alipenda sinema kupita kiasi. Nafikiri ndiyo maana alitukubali, kwa kuwa hatukuwa wateja wa kumtajirisha mtu. Alituketisha kwenye viti, jambo ambalo karani wake, Mgoa mzee mwenye tai, hakulipenda.

Alisoma mkataba wa kampuni mbele yetu, akautafsiri kifungu kwa kifungu. Alipofika mahali fulani alisimama.

"Hapa wanasema wanaweza kubadilisha hadithi kwa namna yoyote watakayoona inafaa."

"Yaani vipi?" Dereva aliuliza.

"Yaani wakitaka, mama anaweza kuwa shangazi. Au baiskeli iwe punda." Alifunua karatasi nyingine. "Na wameshaeleza wanalotaka. Mwishoni mwenye shamba anakuja, anamrudishia mama kibanda chake, na kijana anamshukuru."

Dereva aliitazama ile karatasi. Kofia yake ilikuwa juu ya goti.

"Hakuna mtu aliyemrudishia mama yangu kibanda," alisema.

"Najua."

"Basi asimshukuru mtu. Mengine wabadilishe wanavyotaka. Hilo liandikwe."

Wakili alinitazama mimi. Nilitaka kusema tutie sahihi tu, tuondoke na furaha yetu kabla haijapoa. Lakini mama hakuwa wangu. Nikasema liandikwe.

Akaliandika. Na hapo ndipo kungoja kulipoanza.

Karatasi ilikwenda Nairobi kwa wakili wa kampuni, kutoka Nairobi ikaenda London, na kila ilikokwenda ilikaa. Ilirudi ikiwa imebadilishwa mahali pengine kabisa, ikaenda tena. Wakili wetu alikuwa mwangalifu. Hakuacha nukta ipite bila kuiuliza. Mara kampuni ilitaka hadithi iwe yao daima, mara majina yetu yasitokee kwenye shuka. Yeye alikataa, kwa heshima, na kila kukataa kulikuwa ni majira mengine ya mvua. Nilipanda ngazi kila nilipokuwa mjini. Mgoa alinisikia nikipanda, na kabla kichwa changu hakijatokeza varandani alikuwa ameshasema, "Bado." Hata hivyo nilikaa kwenye benchi. Nilihisi nikiondoka haraka watadhani siitaki sana.

Nyumbani mke wangu alikuwa amewaambia wanawake wa landi. Hakufanya hivyo kwa kujisifu. Alifurahi, na furaha ilimtoka. Tulikuwa na chumba kimoja tulichokigawanya kwa pazia, na alianza kuzungumza juu ya nyumba yenye mlango wa jikoni. Wanawake walipoona miezi inapita walimuuliza kila siku bombani, "Sinema imefika wapi, mama?" Mwanzoni waliuliza kwa kutaka kujua. Baadaye waliuliza ili wacheke. Akabadilisha saa zake za kuchota maji, akawa anakwenda mchana wakati jua linachoma na hakuna mtu.

Baba naye, tulipotoka kanisani Jumapili, aliniuliza, "Wameweka sahihi?" Nikasema bado. Jumapili iliyofuata, "Wameweka?" Bado. Kisha Jumapili moja hakuuliza. Tulitembea mpaka nyumbani akizungumza habari za mahindi. Ndipo nilipojua kwamba yeye ameshalizika jambo lile, na ananingoja mimi tu.

Wakati huo huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa kwa sababu ya maasi ya Wakikuyu, na nchi ilikuwa ikibadilika chini ya magurudumu yetu. Kila Mkikuyu alihitaji kibali cha kutoka mjini. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walinipungia mkono mimi niketi, na Dereva wakamshusha kwenye gari alilokuwa akiliendesha, wakampekua huku injini ikinguruma. Alirudi kwenye usukani, akatia gia. Baadaye wenye mashamba walianza kupiga simu ofisini kwamba wanataka sinema lakini hawamtaki yeye alale kwenye mashamba yao. Tukawa tunaonyesha filamu na kurudi mjini papo hapo, na mara nyingine tuliambiwa tusije kabisa.

Siku moja njiani alisema, "Mwalimu, ile karatasi ikija na mimi sipo?"

"Utakuwa wapi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeuliza jambo la kijinga, kisha akarudisha macho barabarani.

Nilimwambia tumweleze wakili alegeze, tutie sahihi kama kampuni ilivyotaka. Alitikisa kichwa. "Kama ningetaka kuwashukuru," alisema, "ningewashukuru bure."

Wiki chache baada ya hapo askari walizunguka mtaa wa Bondeni, alikoishi Dereva, alfajiri. Wakikuyu wote walitolewa nje, wanaume wakapelekwa kwenye uwanja wenye uzio, wakakalishwa chini. Watu waliofunikwa magunia kichwani, yenye matundu ya macho, walipitishwa mbele yao, na gunia likitikisa kichwa kukubali mtu aliinuliwa akapandishwa lori. Sikuyaona, niliyasikia kwa waliokuwepo. Walisema gunia lilimpita Dereva, likaenda, likarudi, likatikisa.

Mimi nilifika ofisini asubuhi nikakuta gari limesimama na ufunguo umetundikwa kwenye msumari. Mkubwa wetu alikuwa akinywa chai. Nilimweleza kwamba Dereva ni mtumishi wa serikali, amepigana vita vya Mfalme, kila mtu anamjua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Utapata dereva mwingine Jumatatu."

Mke wa Dereva na watoto walipakiwa kwenye treni kurudishwa nyumbani, yaani upande wa Murang'a, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Baba alisikia siku ya treni akaniambia, nikaenda stesheni. Nilimpata nyuma ya uzio na mtoto mgongoni, sufuria ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Nilimpa mkate na majani ya chai alivyonipa mke wangu.

"Ile karatasi yenu imekamilika?" aliniuliza.

"Bado, mama."

"Ikikamilika..." Akaigeukia treni. Nafikiri alitaka kunieleza mahali pa kumpelekea habari, akakumbuka kwamba hapajui. "Haya," akasema. "Msalimie mama watoto."

Ni mwezi huo huo kampuni ilipokubali.

Nilipanda ngazi, na Mgoa hakusema bado. Alisimama. Wakili alitoka mwenyewe varandani akiwa na karatasi mkononi, ametabasamu kama bwana harusi. "Wamekubali yote," alisema. "Majina yenu. Mwisho wa hadithi. Hakuna kumshukuru mtu. Mlete mwenzako tutie sahihi." Aliona uso wangu. Tabasamu lake liliondoka polepole, akanishika bega akaniingiza ndani, akafunga mlango.

Nilipomweleza aliuweka mkataba mezani. Chini cherehani ilikuwa ikienda. Kisha alivuta karatasi nyeupe akaanza kuandika ombi kwa wakuu, kwamba mteja wake aliyeko kizuizini aruhusiwe kuweka sahihi kwenye mkataba wa kawaida wa biashara, na kwamba yeye wakili yuko tayari kusafiri mpaka kambini. Aliambatisha maelezo mafupi kuhusu mkataba wenyewe, ili wasishuku. Alisema jambo hili ni rahisi, hakuna mtu mwenye akili atakayelikataa.

Hawakukataa. Hawakujibu. Aliandika tena, wakajibu kwamba jina halionekani kwenye kambi hiyo. Aliuliza yuko kambi gani, wakasema habari hizo hazitolewi. Aliandika kwa mkubwa zaidi. Siku moja nilipofika nilikuta maofisa wawili wa Kizungu wanashuka ngazi, na juu wakili akipanga upya mafaili yaliyotupwa sakafuni. Walitaka kujua kwa nini anahifadhi karatasi za Mkikuyu aliyefungwa. Mgoa hakuwepo, alikuwa ameaga asubuhi ile akisema ana umri wa kupumzika.

"Sitaacha," wakili aliniambia akiwa amepiga magoti kati ya karatasi. Lakini hakunitazama aliposema.

Kampuni ilikuwa ikiharakisha sasa. Walitaka kupiga picha kiangazi, kabla mvua haijaharibu barabara. Mtengeneza filamu aliniandikia kwa huruma. Alisema amesikitika mno, na alikuwa na pendekezo: jina la mwenzangu liondolewe kwenye mkataba, mimi nitie sahihi peke yangu kama mwandishi, na mambo yakitulia tutaona namna ya kumtendea haki.

Wakili aliniwekea barua mezani. "Kisheria inawezekana," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika kwa mkono wako. Ukiniambia niliondoe jina, nitaliondoa."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi si wewe. Mimi nina duka la baba."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliuliza maswali mawili tu: kama Dereva atajua, na kama Dereva angekuwa mahali pangu angefanya nini. La kwanza nikasema hapana. La pili sikujibu. Alisema, "Watoto wetu wanalala watatu kitanda kimoja," akaendelea kuchambua. Hakusema zaidi, na ilikuwa afadhali angesema.

Nilimwambia wakili hapana. Watu niliowasimulia baadaye walinisifu, nami sikupenda kusifiwa. Sikukataa kwa ujasiri. Nilijaribu kujiona nimekaa na wale Wazungu, wananiuliza koti la jeshi lilikuwa na vifungo vingapi, mama alikuwa ameshika jembe la namna gani, na mimi najibu kama vile nilikuwepo. Sikuweza. Ilikuwa uchovu zaidi kuliko uaminifu. Mke wangu alinitengea chakula siku nyingi bila kuketi nami.

Kampuni iliandika mara moja tena, kisha ikanyamaza. Niliendelea kupanda ngazi. Sijui nilikuwa nikingoja nini. Hapakuwa tena na kitu cha kungojwa, lakini miguu ilikuwa imezoea. Wakili alinipokea kwa chai. Tulizungumza juu ya sinema alizoziona ng'ambo, watu walivyovaa, taa zilivyowekwa. Alikuwa amekonda. Alasiri moja, upepo ukipuliza vumbi jeupe la ziwa mpaka likaingia mezani, aliniambia kampuni imepeleka fedha na kamera zake nchi nyingine, na kwamba amelifunga faili. Akaniomba radhi. Alisema kama asingeshika kila nukta, tungekuwa tumetia sahihi mapema, Dereva akiwa bado yupo.

"Ni yeye aliyetaka," nikamwambia.

"Ndiyo. Lakini mimi nilifurahi kupigana kwa ajili yake. Nilifurahi kupita kiasi. Nilisahau kwamba muda si wetu."

Mwaka uliofuata alihamia Nairobi, na ile ofisi ikawa ghala la vitambaa.

Mimi niliendelea kwenye gari la sinema na dereva mwingine, kijana mzuri mwenye kupenda kupiga mluzi. Filamu ilipokuwa ikibadilishwa sikusema kitu. Watu wa mashamba waliuliza mara chache habari za mtu na baiskeli, halafu wale waliokuwa wakiuliza wakahamishwa, na waliokuja mahali pao hawakujua kuna la kuuliza. Baba alistaafu akarudi Kakamega. Mke wangu alianza tena kuchota maji asubuhi na wenzake.

Dereva alirudi muongo ukielekea ukingoni, Wakikuyu walipoanza kuruhusiwa tena kurudi Nakuru. Alibisha mlango wetu Jumamosi alasiri. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Nywele zilikuwa nyeupe, na alikuwa akikaa kwa kuinamia upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu sakafuni. Mke wangu alimpikia ugali na mboga, akala taratibu. Tuliulizana habari za watoto. Mmoja wa watoto wake alikuwa amefariki huko Murang'a. Mama yake mzee pia.

Sikutaka kuitaja karatasi. Yeye ndiye aliyeitaja.

"Yule Mhindi aliomba nitie sahihi," alisema.

"Ulijua? Tulidhani barua zilipotea."

"Zilifika. Niliitwa. Kulikuwa na ofisa Mzungu, na mkalimani. Waliniuliza ni biashara gani hii mtu wa kambini anaifanya na watu wa London. Nikasema ni hadithi. Wakasema isimulie." Alisukuma sahani kando. "Nikasimulia yote, Mwalimu. Baiskeli, pareto, mbuzi. Mara mkalimani alikosea mahali pa mlima, nikamsahihisha kwamba baiskeli ilisukumwa. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, mpaka mama aliposema tumeshahesabiwa."

"Akasemaje?"

"Aliuliza ni shamba la nani."

"Ukamwambia?"

"Nilinyamaza. Wakanirudisha, na sehemu waliyonirudisha haikuwa ile niliyotoka." Alifunga mikono yake mezani. "Huko nilikaa muda mrefu."

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na pazia. Niliwaza juu ya yale maelezo mafupi ambayo wakili aliambatisha kwa nia njema, ili wasishuku.

Baada ya muda nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka mingi, kama angekubali tujaribu tena. Nilisema nakala ninayo, nchi inabadilika, huenda akatokea mtu mwingine. Alinisikiliza kwa upole ule ule aliokuwa nao zamani.

"Ukitaka, andika wewe," alisema. "Weka jina lako. Mimi sina neno."

"Ni yako."

"Ilikuwa yangu. Siku ile niliisema mbele ya wale watu, na nilipomaliza sikuisikia tena ndani yangu. Nikijaribu kumkumbuka mama, namwona yule mkalimani anafungua mdomo."

Alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta kule Dundori, si kwenye shamba lao la zamani, la jirani. Nilimsindikiza mpaka mahali malori ya maziwa yalipokuwa yakisimama kabla ya kupanda mlima. Njiani tulizungumza habari za matrekta. Alisema lile alilopewa lina klachi mbovu. Lori lilipofika alipanda nyuma kati ya madebe matupu, akaketi kwa ule upande wake mzuri. Nilimuuliza kama atakuja tena Jumamosi nyingine. Alisema atajaribu, kama shamba litampa ruhusa.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshaosha vyombo, na mtoto wetu mkubwa alikuwa mlangoni akiuliza yule mzee ni nani. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Akauliza kazi ilikuwaje siku hizo. Nikaanza kumweleza juu ya gari, shuka na jenereta, na nilipofika kwenye mambo ya kuosha chuchu za ng'ombe alicheka sana, nikaishia hapo.